Hesabu kabla ya PhD ya sayansi ya siasa: shajara yangu ya mwaka 2024

Naandika kwa ajili ya mtu aliyesoma HGL au HKL (michepuo ya kidato cha tano na sita isiyo na hesabu), akamaliza digrii ya sayansi ya siasa, na sasa anazitazama PhD za Marekani huku hesabu ikimtisha. Nitaongeza ingizo kila hatua ikiisha. Yaliyokwenda vizuri nitayapitia haraka, na nilipokwama nitakaa. Bei ni za shilingi ya Tanzania, nilizolipa mwenyewe hapa Dar es Salaam.

Jumamosi, 6 Januari: ninapoanzia

Kidato cha nne nilipata F ya hesabu. Nikaenda HGL, na tangu siku ile sikugusa tena mlinganyo. Chuoni kozi ya mbinu za utafiti ilikuwa ya maneno matupu. Sampuli tulifundishwa aina zake, lakini hakuna aliyetuambia kwa nini watu 2,400 wanaweza kusema kitu cha kuaminika kuhusu nchi nzima.

Baada ya chuo nimekuwa mkusanya data. Miaka mitatu natembea vijiji vya Dodoma, Singida na Lindi na kishikwambi mkononi, nauliza watu wanaiamini halmashauri yao kiasi gani. Jioni natuma majibu, na huko yanakokwenda kuna mtu mwingine wa kuyachambua. Nataka kuwa mtu huyo. Swali nililonalo ni la madiwani wa viti maalumu: je, kata anayoishi diwani wa viti maalumu hupata maji na zahanati tofauti na kata jirani isiyo naye? Nimelibeba tangu Singida, na siwezi kulijibu kwa maneno peke yake.

Wiki mbili za sikukuu nimezitumia kusoma silabasi za mwaka wa kwanza za idara mbalimbali za Marekani. Mpangilio unafanana karibu kote: uwezekano na takwimu, halafu rigresheni (kupima kitu kimoja kinavyobadilika kingine kikibadilika), halafu mbinu za kutenganisha sababu na matokeo, na kando yake nadharia ya michezo (hesabu ya maamuzi ya watu wanaotegeana). Idara nyingi zina kambi ya hesabu mwezi Agosti, kabla ya muhula kuanza, ambako kalkulasi (hesabu ya mabadiliko), matriksi (majedwali ya namba) na uwezekano hupitiwa mbio mbio. Kwa kawaida programu hizi humlipia mwanafunzi ada na posho kwa miaka mitano, kwa hiyo wanachukua wachache na wanataka kuona dalili kwamba mtu hatazama mwaka wa kwanza. Cheti changu hakina dalili hiyo hata moja.

Mpango: kitabu cha hesabu cha Will Moore na David Siegel, kilichoandikwa mahususi kwa wanafunzi wa siasa na jamii na kutolewa mwaka 2013. Siegel ana mihadhara ya video ya bure inayoambatana nacho. Mjomba aliyekuwa anarudi kutoka Marekani amenibebea nakala, 115,000. Sura mbili kwa wiki, Aprili niwe nimemaliza.

Jumamosi, 3 Februari: mpango umekufa

Nimefika sura ya tatu tu. Mwanzoni nililaumu mgao wa umeme, kwa sababu jioni nyingi nimesoma kwa tochi ya simu. Ila umeme si sababu. Nimerudi kwenye daftari nikakuta mstari huu, kwa mwandiko wangu:

(x + 6) / x = 6

Nilikansela x ya juu na x ya chini. Nilifanya hivyo mara nne kwenye kurasa mbili, na kila mara jibu la mwisho lilinishangaza, nikadhani sijaelewa kalkulasi. Kumbe kalkulasi sikuwa nimeifikia. Nilikuwa nimeanguka kidato cha pili, na sikuwa nimeinuka.

Nikajipima. Nimechukua pepa ya zamani ya hesabu ya kidato cha nne, nimekaa nayo saa tatu mezani bila simu, nikaisahihisha kwa ukali. Nimepata 31 kati ya 100. Iliniuma, lakini orodha ya maswali niliyokosa ndiyo imekuwa silabasi yangu ya kweli: sehemu, vipeo, logi, kufungua mabano, kuhamisha kitu upande wa pili wa mlinganyo. Yote haya kitabu cha PhD kinadhani unayo.

Nimenunua vitabu vinne vilivyotumika, kidato cha kwanza hadi cha nne, kwa muuzaji wa vitabu pembeni ya barabara, 7,000 kila kimoja. Na nimejiunga na twisheni ya jioni hapa mtaani kwetu, pamoja na watoto wa kidato cha pili. Mwalimu ni mzee mstaafu, anafundisha kibarazani kwake, 3,000 kwa kipindi. Siku ya kwanza nilimwamkia, nikamwonyesha ule mstari. Hakunifundisha kanuni. Aliniambia: "Mwanangu, weka namba. Hiyo x ifanye mbili."

Nikaweka. Mbili na sita ni nane, gawanya kwa mbili, ni nne. Mimi niliandika sita.

"Basi ukikansela ulikuwa unadanganya. Sasa kaa utafute ulidanganya wapi."

Sehemu ile inagawanyika kwa kila kilichopo juu: x kwa x, ambayo ni 1, na 6 kwa x. Jibu ni 1 + 6/x. Ukiweka mbili, unapata 1 + 3, ambayo ni nne. Nimekuwa na njia hii ya kujikagua kwa siku tatu tu na tayari imenikamata mara kumi na moja.

Jumamosi, 23 Machi: aljebra

Vipindi viwili kwa wiki, na kila siku saa moja na nusu kabla ya kwenda kazini. Sehemu, mabano na milinganyo ya kipeo cha pili vimekwenda vizuri na sina la kuvisemea zaidi ya kwamba nilifanya maswali yote ya vitabu hivyo, siyo ya namba shufwa tu.

Logi ndizo zilizonishika. Nilikuwa naandika logi ya (a + b) kama logi ya a kujumlisha logi ya b. Weka namba: logi ya 100 kwa kizio cha kumi ni 2. Ukiikata 100 kuwa 50 na 50, logi ya 50 ni karibu 1.7, na ukizijumlisha zote mbili unapata 3.4. Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Kujumlisha kwenyewe haikugusi.

Na hapa nilipata jibu la jambo lililonisumbua tangu chuo: kwa nini makala za siasa huandika "logi ya pato la taifa" au "logi ya idadi ya watu". Kijiji cha watu 500 kikifika 1,000 kimebadilika sana. Jiji la 5,000,000 likiongezeka watu 500 hakuna atakayejua. Kwenye logi, kuongezeka maradufu ni hatua ileile, uwe unaanzia 500 au 5,000,000. Watafiti wanaitumia kwa sababu wanaona uwiano ndio wenye maana, na huo ni uamuzi wa hoja kabla ya kuwa uamuzi wa hesabu. Nilipoliona hilo nilifunga daftari nikatoka nje kutembea kidogo, nimefurahi.

Nimerudia pepa nyingine ya kidato cha nne: 74.

Jumapili, 28 Aprili: kalkulasi kwa video

Nimetazama mihadhara ya kalkulasi ya MIT, iliyo wazi kwa kila mtu, pamoja na video za Siegel. Mihadhara zaidi ya ishirini kwa wiki tano. Bando limepanda hadi 25,000 kwa mwezi. Naelewa kila kitu. Mwalimu akiandika mstari, najua unaofuata. Mwezi ujao nategemea kuingia matriksi.

Jumapili, 19 Mei: intaneti ilikatika, na nikajua sielewi

Jumapili iliyopita, tarehe 12, nyaya za mawasiliano za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika. Nchi nyingi za Afrika Mashariki zilibaki na intaneti ya kusuasua. Kwangu video haikufunguka hata moja wiki nzima.

Sikutaka kupoteza siku. Nikachukua maswali kumi na tano ya mwisho wa sura ya derivativi (kasi ya kitu kubadilika), karatasi tupu, peni. Nimepata manne.

Nililala vibaya usiku ule. Wiki tano za kutazama, na maswali manne. Asubuhi nikapitia nilichofanya na nikakubali ukweli: nilikuwa naufahamu mstari unaofuata kwa sababu tayari nilikuwa nauona ukiandikwa. Kuufuata mkono wa mtu si kuandika kwa mkono wako. Ungeniuliza tarehe 11 Mei ningekuapia kwamba kalkulasi naijua.

Utaratibu mpya, ambao nimeufuata wiki hii na nitakaa nao: dakika kumi za video au kurasa mbili za kitabu, funga, kisha andika ulichokiona kwenye karatasi tupu kuanzia mwanzo. Ukikwama, usifungue hapo hapo. Kaa dakika kumi na tano kwanza. Halafu fungua, tazama ulipokwamia tu, funga tena. Rudia swali lilelile baada ya siku tatu. Nimenunua rimu moja ya karatasi, 14,000, na madaftari makubwa manne, 16,000. Mwendo umepungua sana: nilichokuwa namaliza siku moja sasa kinachukua nne.

Swali lililonifungua macho ni hili, nalo nimelitunga mwenyewe kutokana na safari za Singida. Nyumba tano ziko kando ya barabara moja, kilomita ya 1, ya 2, ya 3, ya 7 na ya 12. Kisima kichimbwe wapi?

Ukitaka kupunguza jumla ya miraba ya umbali, unakiita c mahali pa kisima, unaandika jumla ya (c − x) mraba kwa nyumba zote, unatafuta derivativi, unaiweka sawa na sifuri. Inabaki 5c − 25 = 0, yaani c ni 5. Tano ni wastani! Nimetumia wastani maisha yangu yote bila kujua kwamba ndiyo sehemu inayoipunguza jumla hiyo kuliko zote. Weka namba: kisima kikiwa kilomita ya 5, jumla ya miraba ni 16 + 9 + 4 + 4 + 49, ambayo ni 82. Kikiwa ya 3, ni 102.

Lakini ukijumlisha umbali wenyewe, bila mraba, mambo yanageuka. Kilomita ya 3 inatoa 16, ya 5 inatoa 18. Ya 3 ni namba ya katikati, ile ambayo nyumba mbili ziko huku na mbili kule. Nyumba ya kilomita ya 12 huuvuta wastani kuelekea kwake. Namba ya katikati haijali nyumba hiyo iko mbali kiasi gani.

Sasa waache wapige kura, kila nyumba ichague kisima kilicho karibu nayo. Kisima cha 3 dhidi ya cha 5: nyumba za 1, 2 na 3 zinachagua cha 3, kinashinda kwa tatu kwa mbili. Kipeleke cha 3 dhidi ya mahali popote pengine, hakishindwi. Hii ndiyo hoja ya mpigakura wa kati aliyoiweka Duncan Black mwaka 1948 na Anthony Downs akaipeleka kwenye ushindani wa vyama mwaka 1957. Niliikariri chuoni mwaka wa pili na nikaandika insha yake. Nimeielewa wiki hii, mezani kwangu, kwa nyumba tano.

Jumapili, 30 Juni: matriksi

Matriksi za 2 kwa 2 tulizigusa kidato cha nne, kwa hiyo sikuanza kwenye giza. Mihadhara ya Gilbert Strang ya aljebra ya mstari, kozi ya 18.06 ya MIT, ni mizuri mno, na nimeitazama kwa utaratibu mpya, dakika kumi kumi.

Makosa yangu yalikuwa mawili. La kwanza, kubadilisha mpangilio: nilichukulia AB na BA ni kitu kimoja. Dawa yake ni kuandika vipimo chini ya kila herufi kabla ya kuzidisha, safu mlalo kwa safu wima. Kama namba za ndani hazilingani, simama. La pili, nilikuwa "nagawanya" kwa matriksi. Hakuna kugawanya, kuna kuzidisha kwa kinyume chake, na wakati mwingine kinyume hicho hakipo.

Kwa nini hakipo? Nilichukua tena nyumba zangu tano. Kwenye rigresheni ya kigeu kimoja, X ina safu wima mbili: moja ya namba 1 tupu, nyingine ya kilomita. Igeuze, safu wima ziwe safu mlalo, uizidishe kwa yenyewe, yaani 2 kwa 5 mara 5 kwa 2, unapata matriksi ya 2 kwa 2: juu 5 na 25, chini 25 na 207. Ditaminanti yake, namba inayokuambia kama kinyume kipo (ikiwa sifuri, hakipo), ni 5 mara 207 kutoa 25 mara 25, ambayo ni 410. Na 410 ni 5 mara 82. Ile 82 ya mwezi Mei, jumla ya miraba kutoka kwenye wastani, imejitokeza hapa bila kuitwa.

Basi zihamishe nyumba zote tano ziwe kilomita ya 4. Jumla ya miraba inakuwa sifuri, ditaminanti inakuwa sifuri, kinyume hakipo, rigresheni haifanyiki. Hesabu inasema kile ambacho mtafiti yeyote wa vijijini angesema: kama kata zote ulizokwenda zina diwani wa viti maalumu, huwezi kujua kuwa naye kunaleta tofauti gani. Nimeandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la utafiti wangu.

Jumamosi, 10 Agosti: uwezekano, na namba 9

Hapa nimetumia kozi ya Stat 110 ya Harvard ya Joe Blitzstein. Mihadhara yake ni ya bure. Kuhesabu mipangilio kumekwenda polepole lakini kumekwenda. Kilichonigharimu wiki mbili ni uwezekano wenye sharti, yaani uwezekano wa jambo ukishajua kwamba jingine limetokea.

Najua vizuri kwamba wabunge wengi ni wanaume haina maana kwamba wanaume wengi ni wabunge. Kwa maneno hakuna anayekosea. Kwa alama za hesabu nilikosea kila siku. Kilichonisaidia ni kuacha fomula ya Bayes, ile ya kugeuza sharti, kando na kuhesabu vitu vinavyoonekana. Mfano wa kubuni: vituo vya kura 1,000, vyenye kasoro ni 20. Kipimo chako cha takwimu kinanasa 18 kati ya hivyo 20, lakini pia kinatilia shaka asilimia 5 ya vituo visivyo na tatizo, yaani 49 kati ya 980. Kituo kikitiliwa shaka, kina uwezekano gani wa kuwa na kasoro kweli? Vilivyotiliwa shaka ni 67, vyenye kasoro humo ni 18. Ni kama asilimia 27. Mimi jibu langu la kwanza lilikuwa asilimia 90. Fikiria mtu ameenda mahakamani na hiyo 90.

Sambamba na hayo nimeanza programu ya takwimu ya R, ya bure, na data za Afrobarometer, utafiti wa maoni ya wananchi wa nchi za Afrika, nazo hupakuliwa bure. Hapa ndipo nilipofanya kosa ninaloomba msomaji alishike kuliko yote. Maswali ya imani kwa taasisi hujibiwa kwa kipimo cha 0 hadi 3: 0 ni siamini kabisa, 3 ni naamini sana. Nikaiambia R itafute wastani kwa wanaume na kwa wanawake, na wanawake wakatoka juu zaidi. Nikaanza kuandika aya nzima ya kueleza kwa nini. Nilikuwa kwenye sentensi ya tano nilipoitazama ile namba tena. Ilikuwa juu ya 3. Kipimo kinaishia 3.

Kwenye faili hizo, "sijui" imeandikwa 9, aliyekataa kujibu ni 8, na jibu lililokosekana ni −1. R haijui, kwake 9 ni imani kubwa mara tatu ya kubwa kuliko zote. Chukua watu kumi waliojibu hivi: 2, 3, 1, 9, 2, 3, 9, 2, 0, 9. Jumla 40, wastani 4. Toa zile 9 tatu, inabaki 13 kwa watu saba, ambayo ni karibu 1.9. "Imani" ya wanawake wangu ilikuwa ni "sijui" zao.

Limenigusa kwa sababu "sijui" hizo nazijua. Nimezibonyeza kwenye kishikwambi mara nyingi, nimeketi kwenye kigoda mbele ya mama anayemenya mihogo, anasema "Hayo mimi sijui mwanangu, muulize baba yao," nami nabonyeza naendelea na swali linalofuata. Kila moja ilikuwa na mtu nyuma yake. Sasa kabla ya kupiga wastani wa chochote, kwanza nachapa jedwali la majibu yote na idadi zake, nalisoma kwa macho, nafungua kitabu cha misimbo. Na idadi ya "sijui" naiandika kando kwa kila kundi, kwa sababu yenyewe ni tokeo.

Jumamosi, 14 Septemba: ushahidi wa karatasi, na fedha iliyopotea

Kujua ni jambo moja, kamati ya udahili kuliona ni jingine. Nimefanya kozi fupi ya takwimu ya jioni yenye mtihani na cheti kwenye chuo kimoja hapa mjini, 350,000, nikapata B+. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyojisomea, lakini sasa nina karatasi yenye alama ya takwimu, na mwalimu wa kozi amekubali kuniandikia barua. Mwenye uwezo wa kuchukua kozi ya kalkulasi yenye alama achukue hiyo. Mimi sikupata ya jioni.

Kosa: nililipia maandalizi ya GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani, kwenye tovuti moja, 260,000 kwa miezi mitatu. Maswali yao yalikuwa na majibu yenye makosa, na nilipoomba fedha zirudi sikujibiwa. Baadaye ndipo nikagundua kwamba waandaaji wa mtihani wenyewe wanatoa majaribio mawili kamili bure. Anzia hapo. La kwanza nimepata 151 upande wa hesabu, kwa kipimo cha 130 hadi 170.

Idara nyingi siku hizi hazilazimishi GRE. Nimeamua kuifanya hata hivyo, kwa sababu cheti changu kina F na alama nzuri ndiyo njia fupi ya kuijibu. Mwenye A ya hesabu na kozi mbili chuoni pengine fedha yake aiweke kwingine.

Jumamosi, 12 Oktoba: GRE

Mtihani wa sasa, tangu Septemba 2023, ni wa chini kidogo ya saa mbili. Hesabu ni sehemu mbili: maswali 12 kwa dakika 21, na 15 kwa dakika 26. Ukifanya vizuri ya kwanza, ya pili inakuwa ngumu zaidi. Hakuna kalkulasi humo. Ni aljebra, uwiano, jiometri na kusoma grafu. Yaani ni kile kile nilichojifunza kibarazani kwa mzee. Ada ilikuwa dola 220, nami ilinitoka kama 600,000. Kabla ya hapo nilikata pasipoti, 150,000, maana ndicho kitambulisho nilichotumia.

Nilichagua kuufanya nyumbani. Kwetu umeme hauaminiki, kwa hiyo nilihamia kwa shangazi Mbezi, ana inveta. Alinipa chumba, akawaambia wajukuu wakacheze kwa jirani.

Mtego nilioukuta kwenye mazoezi: ukiufanyia nyumbani huruhusiwi karatasi ya kawaida. Unaandika kwenye ubao mdogo mweupe kwa kalamu ya kufutika. Miezi minane nilikuwa nimejizoesha kutawanya kazi kwenye karatasi kubwa, mstari juu ya mstari. Ubao wangu ulijaa kwa maswali mawili. Nikafuta, na nilichofuta ndicho nilichokihitaji. Jaribio la pili la bure nilimaliza maswali tisa tu kati ya 12 ya mwanzo. Nilipumzika siku moja, kisha wiki mbili nzima sikuandika kwenye kitu kingine chochote ila ubao huo, nimeugawa kwa mistari katika vyumba vinne, swali moja chumba kimoja. Ubao na kalamu zake, 12,000.

Matokeo yasiyo rasmi yalitokea kwenye skrini nilipomaliza: hesabu 159. Shangazi alikuwa mlangoni. Nilimwambia nimefaulu, akapiga kigelegele majirani wakatoka.

Jumamosi, 30 Novemba: maombi

Nimetuma maombi sita. Tarehe za mwisho ziko kati ya 1 na 15 Desemba. Nilipanga manane, mawili nikayaacha kwa sababu hawana mtu anayefanya kazi ya serikali za mitaa Afrika, na alama yoyote ya hesabu haiwezi kuziba hilo. Idara tatu zilinisamehe ada nilipoomba. Tatu nyingine zilinigharimu dola 285 jumla, kama 753,000. Omba msamaha wa ada wiki nne kabla, usisubiri ya mwisho.

Kwenye maelezo binafsi, hesabu nimeipa aya moja. Rasimu ya kwanza ilieleza F, nyaya za baharini, mzee wa twisheni, kila kitu. Mhadhiri wangu wa zamani aliisoma akasema, "Hapa unaomba huruma. Waonyeshe unachoweza kufanya." Aya iliyobaki inasema nimejisomea nini, kwa utaratibu gani, alama zipi, na kisha inaonyesha jinsi nitakavyolinganisha kata zenye diwani wa viti maalumu na zisizo naye, na nini kitaniangusha ikiwa madiwani hao wanatoka kwenye kata zilizokwisha kupendelewa.

Gharama zote mwaka huu: 2,633,000. Kujisomea kwenyewe, yaani vitabu, twisheni, bando la miezi kumi na moja na karatasi, ni 508,000. Zilizobaki zimekwenda kwenye vyeti, mitihani, pasipoti na ada za maombi, pamoja na zile 260,000 zilizopotea. Mwenye kupanga apange hivyo, na aanze kuweka akiba ya ada hizi mapema.

Sijamaliza. Integrali za vigeu viwili bado zinanishinda nusu ya mara, na uthibitisho wa hatua kwa hatua ndio kwanza naanza. Jumatatu nafungua sura ya msawazo wa Nash (hali ambayo hakuna anayefaidika kwa kubadili uamuzi wake peke yake), na swali la kwanza nimeshaliandika: wagombea wawili, nyumba tano zilezile, kila mmoja anachagua kilomita ya kusimama bila kujua mwenzake amesimama wapi. Majibu ya vyuo huanza kutoka Februari, na wanaopata nafasi yenye ufadhili kwa kawaida wana hadi 15 Aprili kuamua. Ingizo lijalo litakuwa la wakati huo.